Ndoo ya Vidudu, Kutoka Karambo Mpaka Butare

Bon, mulishinda. Tangu nilirudia muko munaniuliza hapa ku beach ya Gisenyi, "Fide, Butare ilikuwa je?", na mi niko nawajibu "ilikuwa muzuri", kama mutu anajibu muganga mwenye sindano. Munanijua. Siwezi kwenda hata Mahoko kununua chumvi bila kurudi na hadithi tatu, mbili ya uongo. Hii moja iko ya kweli yote, ndio maana ilikawia kutoka. Mambo ya karatasi na ruhusa nitairuka. Hakuna mutu alishacheka juu ya kashe, muhuri ya komini.

KARAMBO

Mwenye hamujue mama mudogo Verena, iko mudogo wa mama yangu. Anakaa Rugerero, chini kabisa, penye muto Karambo inapita. Ile wakati tulirudia kutoka ngambo, mu ukimbizi, bwana yake hakumaliza mwaka. Balimuzika nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Mama mudogo alibaki na katoto kamoja, Mado, na ile katoto ilikuwa ni tumbo tu: leo inauma, kesho inaendesha, kesho kutwa iko analala ku mukeka macho wazi, haombi hata maji.

Sasa konseye, ule mukubwa wa kwetu, alikuja kusema batu yote ya Karambo bataenda kukaa juu, karibu na barabara, mu kijiji kipya, nyumba kwa mustari kama basoda, baaskari. Mama mudogo alimuuliza juu ya nini. Konseye alijibu: juu ya maji. Muto iko inaua batoto.

"Hii maji nilikunywa siku ya kwanza ya ndoa yangu," mama mudogo alimuambia. "Tumbo ya Mado ni ya baba yake. Na ye ilikuwa inamuuma. Mi siwezi kumuacha bwana yangu chini hapa peke yake na mbwa ya batu."

Ile kesi ilikaa pale, kila mutu na mudomo yake, mpaka mwalimu mumoja wa Butare alituma neno. Ni mwanamuke, anasoma mambo ya maji. Alisema maji yenyewe inaweza kudanganya: leo iko safi unaona mpaka chini, kesho ni matope. Lakini vidudu vya chini ya mawe inakaa mule muchana na usiku, haina pa kwenda. Maji ikiharibika, ingine inakufa, na ingine inanona. Basi bamuletee vidudu ya Karambo, yote yenye iko mahali pamoja, ye ataangalia na atasema. Kufika mwenyewe hakuweza. Munakumbuka barabara yetu ilikuwa je ile miaka ya vita.

Konseye alisema mbele ya batu yote: vidudu ikisema maji iko muzuri, Verena anabaki. Ikisema mubaya, anapanda. Na mama mudogo alikubali, alipiga mukono na ye.

Wa kupeleka akawa mi. Si juu ya akili. Biologie na mi tuliachana mwaka wa pili ya segondere, hakuna mwenye alilia. Ni juu mi sikuwa na kazi, na sikuwa na bibi wa kunikataza. Yule mwalimu alikuwa amesema vidudu inaweza kusafiri ndani ya alkoli. Konseye alinitazama, alisema hapana, iende mizima. Anajua alkoli ikiwa mu mukono yangu haiwezi kupita Mahoko.

Tulishinda mu maji asubuhi yote, bamama na mi, tunageuza mawe, tunamwanga mu ndoo. Nyuma ya pale mama mudogo alikaa chini, akaweka ungo juu ya magoti, akamwanga vyote mule. Akaanza kuchambua. Hivi na kidole, kama maharagi. Kaa: anaweka mu ndoo. Kale kenye mikia tatu: mu ndoo. Kale kenye kanajijengea kanyumba ya mchanga na kanatembea nayo: mu ndoo, na sifa juu. Lakini ile nyekundu ndogo, kama uzi, na miruba, na zingine zenye sijue jina, alikuwa anazirusha kwa kuku.

"Mama mudogo, balisema yote."

"Yote yenye iko muzuri. We unaweza kupelekea mutu mukubwa maharagi yenye iko na mawe ndani? Atasema sisi tulikulia wapi?"

Nilicheka. Nilikaa hata chini nikamusaidia. Zile nyekundu hazikuisha upesi, mpaka kuku ilianza kutembea polepole, kifua mbele, kama konseye mwenyewe.

MAHOKO

Mahoko ndio safari ilianza kusimama. Ilikuwa lazima kungojea basoda batangulie mbele na nyuma, ndio magari yatoke pamoja. Mvua ilikuwa inanyesha ile mvua haina haraka. Nilikula hindi ya kuchoma, nikakula ingine, nikakula ya tatu juu ya kukosa la kufanya. Na kila mara ilikuwa lazima nichote maji mu ndoo na kikombe, niinue juu, niirudishe, vidudu ipate hewa. Mwalimu ndio alisema vile.

Sasa fikiri we ndio mupita njia. Unaona kijana mwenye ndevu amekaa chini ya mvua, anaongea na ndoo, anachota maji, anarudisha, anachota, anarudisha. Mama mwenye kuuza mahindi alibeba moto yake, alienda kukaa ngambo ya barabara.

Ile gari ilifungua mulango, batu hawakutaka ndoo. Mumoja alisema ni dawa ya uchawi. Mwingine alisema bora bomu, bomu inaeleweka. Mwenye aliniokoa ni muzee mumoja na kofia, muzee Kassimu, mufanyabiashara ya vitenge mwenye alikulia Tabora. Kiswahili yake ilikuwa imepigwa pasi.

"Kijana," alisema, "umebeba nini?"

"Muzee, ni vidudu ya muto. Iko naenda ku masomo."

"Ni wadudu wa mto. Wanaenda masomoni."

"Ndiyo, muzee. Hata ile."

"Na wewe ulisoma mpaka wapi?"

"Mi nilirudia njiani."

Batu walicheka, na mutu akicheka na we hawezi tena kukuogopa sana. Balinisogezea nafasi.

Ndio soda mumoja na bunduki alifika kupekua. Kijana mwenye alikulia Uganda, murefu, macho mekundu ya kukosa usingizi. "Wewe. Fungua hii kitu."

Nilifungua. Aliweka mukono ku bunduki, alichungulia, akabaki ameinama pale muda murefu.

"Hawa wanaenda wapi?"

"Butare, afande. Bataulizwa kama maji yetu iko muzuri."

"Na wakisema mbaya?"

"Mama yangu mudogo anahama nyumba."

Hakucheka. Alirudisha kifuniko polepole, kama mutu anafunika mutoto. "Kwetu tulikuwa tunaangalia vyura," alisema. "Vyura wakinyamaza, mama yangu alikuwa hachoti." Nyuma ya pale akapiga gari na kiganja, tukatoka.

MUKAMIRA, MPAKA RUHENGERI

Kutoka pale sina mingi ya kuchekesha. Ukungu ilishuka, baridi ya volkano ikaingia mu mifupa. Kulikuwa na mahali penye gari ilikuwa imeungua pembeni, nyasi ilishaanza kuota mu madirisha. Pale chauffeur alizima radio bila mutu kumuambia. Bamama bakashika rozari, muzee Kassimu akasogeza midomo yake, na mi nikashika ndoo na magoti yote mbili. Nyumba mingi juu ya vilima haikuwa na paa. Mashamba ya birai, viazi ya kizungu, ilikuwa muzuri, majani meusi, imejaa, na hakuna mutu ndani yake anapalilia.

Karibu na Mukamira gari moja ya mbele iliharibika, na ikiharibika moja yote inasimama. Tulisimama mpaka miguu ilikufa. Hakuna mutu alishuka kwenda kukojoa mbali. Mi nilifungua ndoo juu ya kukosa pa kutazama, na nikaona mambo.

"Muzee, vile vya mikia tatu inapunguka."

Kassimu alivaa miwani. "Na huyu mnene je?"

Kaa mukubwa alikuwa kwa kona, mikono mbili ku mudomo, anakula polepole kama mukwe.

"Anakula bashahidi!" nilisema.

Gari yote ilipasuka kucheka, ile kucheka ya woga yenye inatoka kwa nguvu kuliko hadithi yenyewe. Hata chauffeur. Kassimu alimwanga chai yake ya mwisho inje, tukamufunga kaa mule mu termos, peke yake, na maji kidogo. Kutoka pale mpaka Ruhengeri kila mutu mwenye alikuwa akinikataa alikuwa ananiuliza, "Bashahidi iko je?" Ruhengeri tulikula brosheti, mishikaki ya mbuzi, na birai ya kuchoma, mama mumoja alininunulia ya pili, alisema ni ya mama mudogo. Nilimuambia mama mudogo iko mbali. Alisema basi kula na jina yake.

NYAMIRAMBO

Kigali nililala kwa muzee Kassimu, Nyamirambo. Bibi yake, mama Zuhura, alinipa pilau yenye mutu anakula na kunyamaza. Mi kunyamaza! Alinipa na shuka ya kunukia.

Ile alitupa macho mu ndoo, alishika mudomo. Kwake mugeni hawezi kutoka na maji ya matope. Ni haya kwa nyumba. Alishabeba ndoo mpaka ku robine, ku bomba, na alishainamisha kumwanga, ndio nilimukimbilia.

"Mama, hapana! Maji ya robine iko na dawa, itakufa yote!"

"Dawa? Maji ambayo watoto wangu wanakunywa?"

"Iko muzuri kwa batu, mama. Kwa hizi iko mubaya."

"Kwa hiyo maji yako machafu ndiyo mazuri, na yangu safi ndiyo mabaya?"

Ukiangalia vizuri, mutu hawezi kujibu hiyo bila kukosa heshima. Nilisema asante sana kwa pilau. Alirudisha ndoo chini, lakini asubuhi chai haikuwa na sukari, na muzee Kassimu alikunywa yake bila kuniangalia. Mu njia ya gare, kule kwa mabasi, aliniambia tu: "Ukifika huko, sema kidogo. Wewe unasema sana." Nilimuahidi.

BUTARE

Kule kunanyamaza. Miti murefu, batu banatembea na vitabu, mi na ndoo. Yule mwalimu alinipokea mwenyewe, mwanamuke wa miaka ya mama mudogo, nywele fupi, viatu ya kanvasi. Tulisema Kinyarwanda, lakini niko nawapatia kwa Swahili yetu.

Alimwanga vyote mu besini nyeupe. Alimwanga na termos pia, hakuuliza. Akachukua kioo ya kukuza, akainama, na mi nilibaki nasimama pale kama baba ku mulango ya maternite, bibi anazaa ndani.

"Angalia," aliniita. "Hii ya mikia tatu inapumua na hizi vitu kama majani, hapa pembeni. Uchafu kidogo tu, inakufa. Na hii yenye kanyumba, na yenyewe haivumilie. Hii ikikaa mahali, mutu anaweza kukaa." Alisimama, alinyoosha mugongo. Alikuwa anacheka na uso yote. "Hata nyekundu moja hakuna! Mwambie mama yako mudogo iko na bahati. Sijaona muto hivi muda murefu."

Batu, mi nilitaka kuimba. Nilimuona mama mudogo mu mulango yake. Niliona konseye anakwaruza kichwa.

Mwalimu alifurahi mpaka alinihurumia njaa yangu, akatuma chakula. Maharagi na ndizi. Tulikula mezani, mi na ye, na ku kijiko ya tatu niliuma jiwe. Krak. Alisikia.

"Pole! Yule mupishi hachambui vizuri."

Na mi, na furaha yote mu kifua, na muzee Kassimu mbali kule Nyamirambo, nilifungua mudomo. "Ah, madame, kwetu haungeuma jiwe. Mama mudogo anachambua mpaka vidudu!"

Alicheka. Na mutu akicheka, mi siwezi kusimama. Nilichukua sahani nikaiweka juu ya magoti kama ungo. Nilionyesha vile alikuwa anashika na kucha, vile alikuwa anarusha, vile kuku ilikuwa inakimbilia, na nyuma vile ilitembea kifua mbele. Alicheka mpaka alishika meza. Na bado anacheka, akauliza: "Alikuwa anarusha nini?"

"Zile nyekundu, kama uzi. Na miruba."

"Ilikuwa mingi?"

"Kuku ilishiba, madame."

Aliweka kijiko chini. Nilisikia ile kijiko.

"Na hizi muzuri, mulizipata upesi?"

"Hizi tulitafuta asubuhi yote." Mudomo yangu ilikuwa bado inatembea peke yake. "Zile nyekundu ndio ilikuwa inakuja yenyewe, kila mukono."

Aligeuka, akaangalia besini. Mi pia nilielewa mu ile kuangalia kwake, na mutu mwenye alirudia njiani pia anaelewaka.

"Madame, nilikuwa nasema bule. Uliza Gisenyi yote. Mi niko muongo, ndio kazi yangu."

"Hii haukusema bule, Fidele." Alisukuma sahani. "Nyekundu inakaa penye hewa imeisha mu maji. Penye vyoo ya batu inashuka mu muto. Batu mingi balirudia pamoja, balichimba karibu, nani angewakataza? Hizi chache muzuri bado inapigana. Iko na mutoto, huyu mama?"

"Mumoja. Mado."

"Tumbo?"

Niliangalia besini. Kaa alikuwa ameshaanza tena kula.

"Bwana yake iko pale, madame. Mu migomba."

"Batu yote ya hii inchi iko na mutu wake mahali," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alifuta macho, sijue kama ilikuwa bado ya kucheka. "Nikisema maji iko muzuri, ye atachota kesho asubuhi na atampa mutoto. We unataka niseme nini?"

Munajua mi niko na jibu kwa kila kitu. Mutu akinitukana mbele ya kumaliza nishamujibu. Nilirudisha sahani yangu ku meza.

"Sema ile yenye iko," nilisema.

KURUDIA

Ndoo tupu iko nzito. Kigali sikupitia Nyamirambo. Ku barabara ya volkano hakukuwa na ukungu ile siku, na ningependa iwe. Gari ile iliungua ilikuwa bado pale. Batu balishika rozari, mi nilishika ndoo, na hakuna mutu aliniuliza kitu, juu ndoo tupu haiogopeshe mutu.

Rugerero, mama mudogo alikuwa ananingojea ku njia. Alinibebea ndoo mwenyewe, akaniingiza, akanipa sambaza, zile samaki ndogo ya ziwa, na ugali, sambaza ile mukubwa ya kuchagua moja moja. Mado alikuwa ku mukeka. Hakuniuliza mpaka nilimaliza kula, hiyo ndio heshima yake.

"Donc? Alisema nini?"

Nilimuambia. Yote, hata jiwe mu maharagi, hata kuku.

Alikuwa anasikiliza na mikono mu magoti. "Ye alikuuliza, ao ulisema mwenyewe?"

"Nilisema mwenyewe. Tulikuwa tunacheka."

"Mulikuwa munacheka," alisema. Alisimama, alichukua bidon ya maji, akatoka kwenda ku muto, na mi sikumufuata.

Ile jibu ya Butare ilifika kwa konseye, na mama mudogo hakubishana na ye. Alipiga mukono, ile mukono ilibaki imepigwa. Siku ya kuhama nilienda kubeba mabati. Tuliyatoa moja moja, misumari inalia, mpaka nyumba ilibaki kichwa wazi kama zile za Mukamira. Alienda nyuma mu migomba peke yake, alikawia kule. Ile alirudi alikuwa na udongo ku magoti. Alimufunga Mado ku mugongo, akashika nyungu, tukapanda.

Juu kule ni upepo na mawe meusi. Nyumba kwa mustari, yote na uso moja, na robine moja katikati penye bamama balikuwa wanapanga bidon. Tulipiga mabati mpaka jua ilianza kuinama. Nikashuka ku ngazi. Yeye alikuwa anasimama mbele ya mulango, nyungu ku mikono, haingie.

"Fide."

"Mama mudogo."

"Sema kitu ya kuchekesha. Nyumba mupya, batu hawaingiake bananyamaza. Ni mubaya."

Tangu Butare hakuwa ameniomba kitu. Nilitafuta. Nilitafuta mu kichwa yote, mi mwenye munanijua, mi mwenye nilichekesha basoda na bamama ya rozari. Nilipata moja tu.

"Hapa juu," nilisema, "hakuna kaa ya kukuuma vidole."

Hakucheka. Mado, ku mugongo yake, ndio alicheka, kidogo, kama mutu anajaribu sauti yenye aliweka muda murefu. Mama mudogo aligeuza kichwa kumusikiliza. Alingojea kama atacheka tena. Nyuma akainama ku mulango, na nyungu yake, akaingia.